Moto Yenye Haizimwe

Ramoneur, fundi wa kusafisha bomba ya moshi, alitoa kichwa mu cheminée, akapanguza masizi ku pua, akamwambia Désiré kama insert yake imekufa. Insert njo ile sanduku ya chuma, kioo mbele, wanaisukuma ndani ya ukuta ili kuni zipashe nyumba moto. Ya Désiré ilikuwa imepasuka mugongo, mulango imepinda, moshi inatorokea pembeni. Mukiendelea kuwasha hii, ramoneur akasema, siku moja mutalala, weye na muke wako, na hamutaamuka. Kisha akauliza wanaitumia namna gani, juu chuma haipasukake vile kwa moto ya jioni tu.

Désiré akajibu: kawaida. Inje, mu kiwanja kadogo ya nyuma, makaa ilikuwa inangojea mu marmite ya kupikia, imefunikwa majivu, kama mugonjwa ku salle d'attente ya munganga. Ramoneur akisha kwenda tu, ingerudi ndani.

Ile moto ilikuwa ya mutoto wao, Bienfait. Mu 2010 alienda Bukavu kusalimia bibi yake, akapanda boti ya Goma, boti ikazama mu ziwa. Wengine walitolewa. Yeye hakuonekana, hata kiatu. Watu wa Bukavu wenye wanaishi kwa Wabelji wakajaa pale kwao, mutaa wa Forest, mu matanga, na matanga bila moto si matanga. Jioni ya kwanza wanaume waliwasha inje, kama kwetu. Jirani akaita pompiers, wale wa kuzima moto, pompiers wakafika mbio na mipira yao, wakakuta wazee wamekaa ku viti vya plastiki wanalia. Basi papa Ghislain, mukubwa wao, akaamua: tuingize moto mu insert, Mungu ataiona kupitia kioo. Na moto ya matanga haizimwe kabla maiti izikwe.

Maiti haikukuja. Watu wakarudi ku kazi zao, moto ikabaki. Mu mwezi wa saba, Wabelji wamevaa kaptula, cheminée ya Désiré inatoa moshi. Jirani akiuliza, Désiré anamwambia kama wanachagua Papa mupya wa Roma. Jirani anacheka, Désiré anacheka, halafu anaingia kuongeza kuni.

Yote ile ilikuwa juu ya Régine. Désiré alikuwa anajua: moto ikizimika, muke wake ataanguka. Hakumuulizaka. Kuna maswali muntu hawezi kumuuliza muke wake, hata kama wanalala kitanda kimoja.

Siku ya samedi wakaenda ku magasin moja ya kuuza ma-insert, upande wa Laeken. Muuzaji, maman moja mupole anaitwa Anne-Marie, alisoma vipimo vya tundu ya ukuta wao, akatikisa kichwa. Insert mbili tu njo zingeweza kuingia. Moja kubwa, chuma nene, inashika makaa mpaka asubuhi, lakini watalazimika kuvunja ukuta kidogo. Ingine ndogo, ya kuota moto jioni. Unaenda kulala, nayo inalala.

Désiré akashikamana na ile kubwa. Akauliza ukiweka kuni ya mwaloni? Ukifunga hewa? Muntu akienda kazini, ataikuta ingali inawaka? Anne-Marie akacheka, si kwa ubaya. Monsieur, akasema, kila moto inazimikaka.

Désiré akageuka amutazame Régine, ili muke aone namna bwana yake anavyomupigania. Régine alikuwa anapitisha mukono juu ya ile ndogo.

— Hii inatosha, akasema.

— Maman Bienfait, ile itazimika.

— Najua.

— Usijikaze juu yangu. Mi sijachoka. Kuni nitaleta tu.

Régine akafunga vifungo vya koti, hata kama mule ndani mulikuwa joto.

— Papa Bienfait, mi nilimuzika mutoto mu roho yangu ile ile wiki ya boti. Moto nilikuwa nakuachia weye. Niliogopa ikizimika utaanguka.

Désiré akaondoa mukono ku ile kubwa. Kumbe ile kungojea yote ilikuwa ya kwake peke yake, na muke alikuwa anameza moshi na kunyamaza. Mu ile nyumba hakukuwa tena muntu wa kumushikia ile kungojea upande wa pili.

Anne-Marie akauliza mafundi waje lini. Désiré akasema kisha Noël. Ao tuseme kisha baridi.

— Mardi hii, Régine akasema.

Siku ya lundi papa Ghislain alikuja kufunga matanga, akaomba Mungu, akakataa chai. Hakukuwa na kitu ya kuzika. Hakuna muntu aliyeongeza kuni.

Siku ya mardi mafundi wakamukuta Désiré amevaa koti, amekaa mbele ya insert ya baridi. Wakamuomba asogee kidogo. Akasogea kidogo. Wakangoja, kisha wakamuomba tena.