Makalio Yasiyo na Mwenyewe

Hilaire Ngoy alikuwa hajawahi kutapika kazini. Miaka kumi na tisa ya unesi katika idara ya dharura ya hospitali moja pale Etterbeek, Brussels, na hajawahi. Yeye ndiye aliyepokea kidole cha muuza nyama kilicholetwa ndani ya karatasi ya viazi vya kukaanga, kimepakwa mayonezi, akakiosha taratibu kama anaosha karoti. Yeye ndiye aliyemfungulia bandeji mzee mmoja wa mtaa wa Forest ambaye hakuwa ameibadilisha tangu Pasaka. Funza walimwagika mpaka sakafuni, wanafunzi wakatoka mbio, na Hilaire akabaki akiwaokota kwa kibano huku akimuuliza mzee habari za wajukuu. Kisha alikwenda kula mkate wake wa jibini, akaumaliza.

Lakini mwanamume huyo huyo alimwogopa bibi mmoja wa kilo hamsini na mbili.

Yeye na mkewe Antoinette ni watu wa Likasi, kule Kongo, na katika familia zao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wala hawasemezani bila mtu wa katikati. Maman Kabamba, mama yake Antoinette, alikuwa na mwaka wa tatu Brussels, akikaa kwa mwanawe wa kiume, na muda wote huo Hilaire alikuwa ameona mgongo wake tu. Mama huyo akiwa na neno, alimpa mjukuu: "Keren, ambia papa yako asante ya sukari." Naye papa, amesimama hatua mbili kutoka hapo akilikodolea macho friji, alimjibu Keren.

Hiyo ni heshima, na Hilaire hakuwa na ugomvi nayo. Kilichomuuma ni kingine. Maman Kabamba alikuwa ametaka daktari kwa ajili ya binti yake, akapata nesi. Siku ya harusi, miaka kumi na tano iliyopita, alisikika akimwambia shangazi mmoja: "Mutoto yangu ameolewa na mwenye kupangusa wazungu matako." Maneno hayo yalisafiri kutoka Likasi mpaka Brussels bila viza. Hilaire alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kutosha, na bado alitamani yule mama aseme siku moja, hata kwa kupitia mtoto, kwamba kazi yake ni kazi.

Jumanne moja mchana, tramu iligongana na lori, na wauguzi wengine wote wakakimbilia vyumba vya majeruhi. Vyumba vidogo akaachiwa Hilaire pamoja na daktari Océane, msichana mpole aliyeanza kazi wiki mbili kabla. Hilaire akafunua pazia la chumba cha nne, akaona mgongo. Mgongo ule aliujua. Alilirudisha pazia haraka kabla mwenye mgongo hajageuka.

Daktari Océane aliingia, akakaa kidogo, akatoka akionyesha ukubwa wa kitu kwa mikono miwili. Jipu, kwenye kalio la kulia. Homa imefika arobaini na presha inashuka. Lazima lipasuliwe sasa hivi, la sivyo sumu itaenea kwenye damu. Ila mgonjwa hajui Kifaransa zaidi ya bonjour na namba, anakataa kulala, na jirani aliyemleta kwa teksi amekwenda kuchukua watoto shuleni.

"Si unazungumza lugha yake?" daktari akauliza.

"Ninaizungumza," Hilaire akasema. "Ila siwezi kuzungumza naye."

Daktari alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

Hilaire akampigia simu Antoinette, ofisini kwake karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alikuwa anaweza kufika baada ya dakika arobaini. "Bon, tafsiria nyuma ya pazia," alisema. "Usiingie, Hilaire. Ukiingia, maman atakufa na haya mbele ya kufa na jipu."

Akasimama nyuma ya pazia. Keren hakuwepo, na bila mtu wa katikati hakuna mazungumzo. Kisha akamsikia Maman Kabamba, ambaye alikuwa ameitambua sauti yake kwenye simu, akikohoa na kukisemesha chuma cha kutundikia dripu.

"Wewe chuma, unanisikia? Ambia papa Keren, huyu mutoto muzungu anataka kunifanya nini?"

Hilaire naye akamjibu mama mkwe wake kupitia chuma hicho. "Chuma, ambia maman bukwe, daktari atapasua jipu. Kwanza atamuchoma sindano ya kuua maumivu."

"Chuma, ambia ye, sindano ndiyo imenileta huku."

Mambo yakatoka kidogo kidogo, yote kwa kupitia chuma. Wiki tatu nyuma, mama mmoja wa kikundi cha maombi alimchoma sindano ya vitamini. Mahali pale pakavimba. Maman Kabamba akapaka mawese, akapaka dawa ya meno, akakaa kimya, kwa sababu hapakuwa mahali pa kumwonyesha mtoto wa kiume. Daktari Océane aliuliza Chuma ni nani, na kama ni ndugu wa mgonjwa.

Hatimaye Maman Kabamba alilala kifudifudi. Kisu kikaingia. Ikasikika sauti ya chupa ya soda iliyotikiswa sana ikifunguliwa, harufu ikapita chini ya pazia mpaka koridoni, halafu kitu kizito kikaanguka. Hilaire akamwita daktari. Daktari hakuitika. Akaita wenzake, na wenzake walikuwa na watu wa tramu. Mashine ya presha ikaanza kupiga kelele.

"Chuma," sauti ya Maman Kabamba ilikuwa imekuwa ndogo, "ambia papa Keren, mutoto ameanguka. Na mimi naona giza."

Hilaire aliogopa kweli kweli. Akiingia, atavunja kitu ambacho baba yake na babu yake hawakuthubutu kukivunja. Asipoingia, atamkabidhi Antoinette maiti ya mama yake pamoja na heshima zake zote.

"Chuma," akasema, "ambia maman bukwe, lazima niingie."

Kisha kitambaa kikavutwa.

"Ambia ye angojee. Bon. Nimefunika kichwa na kitenge, uso hauonekane tena. Alors, haya matako haina mwenyewe. Infirmier aingie."

Infirmier, yaani nesi, akaingia. Alimlaza daktari kwa ubavu na kumwekea shuka chini ya kichwa. Usaha ulikuwa umefika mpaka kwenye taa, mwingine unashuka ukutani, wa kijani na wa kahawia, na damu ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye shimo ambalo lingemeza yai. Alikandamiza, akafungulia dripu kwa kasi, akaosha shimo mara tatu. Kidole chake kikagusa kitu kigumu. Akakivuta kwa kibano: nusu ya sindano iliyokatika, imekuwa nyeusi. Maman Kabamba alikuwa ameikalia wiki tatu, kanisani na mezani, bila kumwambia mtu.

Hilaire akaenda kwenye sinki akatapika. Hakuwa amekinaishwa na usaha. Alikuwa na uchungu, basi.

Akanawa, akarudi, akashindilia shashi ndani ya kidonda taratibu. "Pole, maman. Kidogo tu, maman. Tunamaliza." Alikuwa amekisahau chuma kabisa. Mkono mmoja mkavu ulitoka chini ya kitenge, ukapapasa, ukashika ncha ya koti lake, ukaikamata mpaka mwisho.

Antoinette alifika akihema. Presha ilikuwa imepanda, daktari Océane anakunywa chai yenye sukari, na Hilaire amekaa koridoni, mgongo kwenye pazia, kama inavyotakiwa. Alisikia kila neno.

"Maman, ni nani amekutengeneza?"

"Nitajua wapi? Sikuona uso. Infirmier moja. Ananigusa na heshima, hata daktari hana mikono vile."

"Maman, ule infirmier ni..."

"Nyamaza, ninasema. Antoinette, wewe ulifanya haraka kuolewa. Kama ningemujua ule infirmier mbele, ni ye ningekupatia."

Hilaire alilia palepale kwenye kiti, bila kujificha, na daktari Océane, ambaye hakuelewa hata neno moja, akaenda kumletea maji.