Sponji ya Mama Pacha

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitamsingizia mtu. Mama Pacha, kondoo wetu bora, alikuwa na wiki tano tu tangu azae pacha nilipomtia sponji ya homoni ukeni. Baada ya siku kumi na mbili niliitoa, nikamchoma sindano, ili ashike joto upesi na azae tena mwaka uleule. Nikamtania mke wangu kwamba labda na yeye tumtafutie ya kwake. Hakucheka.

Joto lilikuja kweli na dume akampanda, lakini mimba haikushika. Maziwa nayo yakazidi kupungua. Asubuhi moja tukamkuta pacha mmoja amekufa, tumbo limeshikana na mgongo. Aliyebaki, mke wangu alimpakata na kumpa chupa.

Mimi nikafungua sponji nyingine.

“Baba watoto, weka chini hiyo.”

“Safari hii itashika. Daktari wa mifugo alisema wiki tano zinatosha, na kalenda nimeihesabu mwenyewe.”

Akanikamata mkono, akaupitisha juu ya uti wa mgongo wa Mama Pacha. Chini ya sufu kulikuwa na mifupa mitupu, kama meno ya msumeno.

“Alisema pia umpapase mgongo kwanza, hilo hukulisikia. Dawa inaleta joto, haileti nyama. Haya, mtie. Halafu huyu mtoto aliyebaki utamnyonyesha wewe.”