Chai ya Bwana Bandama

Kila alasiri, kwenye baraza ya nyumba yake Kisarawe, Dokta Hargreave alinywa chai na marehemu Kondo. Alikuwa amempasua mwenyewe na kumshona kwa uzi wa magunia. Mpishi wake, Mwinyimadi, alinung'unikia mshono ule, maana chai ya marehemu ilivuja ikalowesha sakafu.

Enzi za uhai wake Kondo alikata mkonge Soga, hadi msimamizi wa shamba, Mzungu kama daktari, alipompiga teke akafa. Daktari aliiona alama ya buti ubavuni, hata na ya misumari ya soli yake. Lakini kila Jumamosi alicheza karata na msimamizi, hivyo mahakamani akasema bandama la marehemu lilivimba kwa homa, likapasuka lenyewe. Msimamizi akaachiwa, daktari akapandishwa cheo, na watu wa Vihingo, kwao Kondo, wakamwita Bwana Bandama.

Kondo alikuja akafunua sanda kwa adabu.

"Bwana Dokta, hebu nitazame tena hapa."

Daktari alivaa miwani, akakiri kwamba buti linaonekana vizuri sana.

"Lakini nimeshasema mahakamani, Kondo. Daktari hawezi kusema leo hivi, kesho vile."

Kondo hakubishana. Aliomba sukari.

Aliyebisha ni mjane wake, Mwanamvua. Alitoka Vihingo kwa miguu, akaamkia, akakataa kiti. Mbaraka, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwenda kukata mkonge kwa msimamizi yule yule, apate kodi ya kichwa.

"Ukisema kweli, yule bwana ataondolewa," alisema. "Usiposema, na huyu tutamzika."

Daktari aliahidi kulifikiria. Alilifikiria Jumamosi nzima, akigawa karata, na msimamizi akamsifu kwa utulivu wake.

Mvua za vuli zilipoanza, Kondo alipiga hodi akiwa na mwenzake. Mbaraka alivaa sanda mpya, mkono ubavuni. Mwanamvua aliwasindikiza hadi ngazini, akasimama pale kwenye mvua, akimkazia daktari macho. Alikuwa na hasira iliyomkausha machozi.

Safari hii daktari hakuhitaji miwani.

"Bandama," alisema kwa masikitiko. "Kumbe ni ugonjwa wa ukoo."

Akamwita Mwinyimadi aongeze kikombe. Mwinyimadi alileta na tambara, kisha akalirudisha jikoni. Mbaraka hakupasuliwa, kwa kuwa ugonjwa wake ulishajulikana, na chai yake haikuvuja hata tone.