Mninga Nyuma ya Chumba cha Mama

Ufa ulianza mdogo, kiasi cha kupitisha ukucha. Fundi msumeno aliuona asubuhi moja akipiga mswaki nyuma ya nyumba: umeanzia penye panda ya mninga, umeshuka na shina, na utomvu mwekundu unachuruzika humo kama damu ya kidonda kibichi. Mvua ya upepo ikapiga wiki ile, na ufa ukawa unapitisha kidole. Baadaye ukapitisha mkono.

Na mti wenyewe ulikuwa umeinamia chumba cha mama mkwe wake.

Mama yule alihamia kwa binti yake magoti yalipoanza kumgomea. Alikuwa na ulimi mwepesi na masikio mazito, na chumba cha nyuma alikichagua mwenyewe kwa ajili ya mti. "Mbao nzuri zimekwisha kila mahali," alikuwa akisema, "lakini mimi nina mninga wangu dirishani."

Fundi akaanza kulala usingizi wa mang'amung'amu. Upepo ukivuma kidogo, tayari amekaa kitandani anasikiliza. Mchana akikata miti ya watu, roho yake yote iko nyumbani. Alikwisha kuugonga ule mninga kwa kisigino cha shoka, na sehemu ya chini ilimjibu kama debe tupu.

"Una uwazi ndani," alimwambia mkewe. "Mti mzima naweza kukuambia utalala wapi. Huu siwezi kuapa."

"Na tukiuacha?"

"Utaanguka siku utakayotaka wenyewe."

Mkewe alikuwa mshonaji, mtu wa kupima kabla ya kukata. Aliweka mkasi chini. "Basi ukate Jumamosi. Mama tutamweka kwa jirani."

Jumamosi jirani, fundi bomba asiyeisha mizaha, alimbeba mama kwa mkokoteni wake wa mabomba mpaka barazani kwake, mama akilalamika njia nzima kuwa anasafirishwa kama tangi la maji. Wanaume wa mtaa wakashika kamba iliyofungwa juu ya shina, wauvutie mti upande wa kiwanja kitupu. Fundi akawasha msumeno.

Mwanzoni unga uliruka mkavu, wa kahawia, ukampigisha chafya. Utomvu ukamrukia mikononi. Halafu unga ukabadilika: ukaanza kutoka mweusi, umelowa, unanuka uozo. Uwazi ulikuwa mkubwa kuliko alivyofikiria. Kilichoushikilia mti sasa kilikuwa ganda tu, na kurudi nyuma haiwezekani. Akazima msumeno ili ausikilize.

Ndipo aliposikia dirisha likifungwa. Dirisha la chumba cha mama.

"Nani yuko ndani?"

Fundi bomba aligeuka kutazama baraza yake. Kiti kilikuwa kitupu, na mkongojo wake haupo. "Mungu wangu! Nimemwacha hapo na chai yake!"

Kabla fundi msumeno hajafumbua mdomo, mkewe alikuwa ameshaingia ndani mbio.

Mti ukalia, mlio mfupi, kama mlango wenye bawaba kavu. "Msilegeze!" fundi alipiga kelele. "Mkilegeza tumekwisha!" Akachomeka kabari ya chuma kwenye mkato, upande wa nyumba, akaipiga kwa nyundo. Kila alipopiga alisikia nyuzi za mti zikikatika ndani. Akaogopa kupiga, na akaogopa kuacha.

Kutoka chumbani sauti zilisikika vizuri.

"Mama, twende!"

"Umeacha gauni la bibi harusi kitandani kwangu na dirisha wazi! Vumbi lote hili!"

"Achana na gauni!"

"Nini?"

"Gauni! Liache!"

"Usinifokee, mimi si kiziwi."

Mmoja wa washika kamba alicheka, kisha akaona haya. Jasho lilikuwa linamwingia fundi machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Tokeni mbele!" aliita. "Mlango wa mbele!"

Kamba ikakaza ghafla. Mninga ukajisokota juu ya kisiki, kama mtu anayegeuka kuitika, na shina likaenda kiwanjani. Lakini penye ufa tawi kubwa lilichanika, likabaki nyuma, likashuka juu ya chumba cha mama. Mabati yalikunjika kama karatasi. Vumbi likafunika kila kitu, na yale matunda ya mninga, duara zenye miiba katikati na ukingo mwembamba, yakaendelea kudondoka polepole juu ya washika kamba.

Fundi alizunguka nyumba mbio. Akawakuta chini kando ya bomba la maji, mkewe anahema, mama amemwegemea na gauni jeupe kifuani. Akawapapasa vichwa, mabega, mikono. Alipoondoa kiganja begani kwa mkewe, aliona wekundu.

"Damu! Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Hii nini?"

Mama mkwe alimshika mkono, akaunusa. "Utomvu wako huu, mwanangu." Kisha akatazama gauni: vidole vyekundu kila mahali. "Nimelifia gauni hili, na wewe umelipaka!"

Mkewe alicheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio.

Jioni walipoondoa mabati, kitanda kilikuwa kimevunjika katikati. Mama alikitazama muda mrefu. "Nilikaa pale nikilikunja," alisema. Walimpa chumba chao. Wao wakatandika godoro kwenye chumba cha kushonea. Mshonaji alibadilisha kitambaa cha mbele cha gauni, na bibi harusi hakujua kitu.

Fundi alikataa kazi kwa muda. Aliporudi, alirudi na tabia mpya. Kabla ya kuwasha msumeno karibu na nyumba yoyote, huomba ruhusa, huingia chumba kwa chumba, hufungua mpaka milango ya makabati na kuinama chini ya vitanda, huku wenye nyumba wakimcheka. Akimaliza, hutoka, hufunga mlango, na funguo hukaa mfukoni mwake mpaka mti ulale.