Aliyebaki Kwenye Karavati

Mwaka wa themanini na saba Abdulkadiri alileta video mtaani Nyakato, Musoma, akaziba madirisha ya chumba chake kwa magunia. Alasiri ya kwanza akamwita jirani yake Masatu, fundi baiskeli aliyekwenda vitani Uganda na mgambo wa Musoma.

"Njoo, mzee wa vita. Leo picha ni ya kwenu."

Ilikuwa picha ya wapiganaji waliozingirwa na Wajerumani katika mji wao. Wakashuka kwenye mitaro ya maji machafu chini ya barabara, wakitafuta pa kutokea. Majeruhi mmoja akashindwa kutembea. Wenzake wakamwacha, naye akawa anagonga ukuta kwa jiwe, ko, ko, ko, wajue bado yu hai. Hakuna aliyegeuka.

Masatu akainuka, akatoka nje kabla picha haijaisha.

Mwaka wa sabini na tisa, yeye na Leodgar, mgambo mwenzake, walinaswa kwenye mji mmoja kule Uganda, wakajificha siku mbili ndani ya karavati, bomba la zege chini ya barabara. Leodgar alikuwa na risasi pajani. Siku ya pili Masatu akamwambia, "Ngoja, nikalete watu." Akatambaa mpaka akawafikia wenzao. Ofisa akauliza, "Nyuma kuna mtu?" Masatu akaogopa kurudishwa kule. Akajibu, "Hapana. Mwenzangu amekufa."

Kwa Wankyo, mama yake Leodgar, alisema risasi ilimaliza kazi palepale, mwanawe hakuteseka. Mama akamshukuru. Kila mavuno akawa anamtumia unga wa ulezi kutoka kijijini kwake Mugeta, na Masatu akawa anaula. Lakini hakuvuka tena juu ya karavati, alishuka pembeni akapita majanini, maana chini yake alisikia mtu akiuliza, "Masatu, umewapata?"

Kesho yake, baada ya picha ile, akaenda Mugeta. Wankyo alikuwa anaanika mtama.

"Mama, nilikudanganya. Nilimwacha hai."

Akaeleza yote, amesimama juani. Wankyo hakulia. Mkono wake uliendelea kutandaza mtama, kisha ukakoma.

"Alikuwa anaomba nini?"

"Maji, mama."

Wankyo akakaa chini, mtama ukamwagika mapajani.

"Miaka minane ananijiaga ndotoni anaomba maji. Katekista akaniambia ni shetani. Nikawa nainuka namfukuza. Namwambia, toka, wewe umeshakufa." Akamtazama Masatu. "Mwanangu mwenyewe, nikamfukuza."

Masatu akapiga magoti. Hakuambiwa ainuke.

"Anza mwanzo," Wankyo akasema. "Usiruke kitu."

Akaanza. Alipomaliza, akaambiwa arudie.

Unga haukuja tena. Ila kila mwezi Wankyo alishuka Musoma kwa miguu na kwa malori, akaketi kwenye benchi la fundi bila salamu, akasema, "Nieleze pale ulipomwambia angoje." Na Masatu aliweka spana chini, akaeleza.