Matanga ya Kaka Chuma

Siku Kaka Chuma alipokufa, Luka alilia hadi kwikwi ikamkaba. Luka huyu ni msimamizi wa duara namba nne, yaani shimo la dhahabu, mtu wa kilo tisini na ushee, aliyejulikana machimbo yote ya upande ule wa Geita kwa kung'olewa jino na koleo la fundi baiskeli bila kuguna. Na Kaka Chuma, kwa faida ya wasiomjua, alikuwa katuni. Tena hata si katuni ya mtu. Alikuwa roboti la Kijapani lenye kichwa kama sufuria na miguu miwili isiyolingana.

Paskazia alikuwa kwenye banda lake la chakula, ukuta kwa ukuta na kibanda cha video, akichambua maharage. Aliposikia kilio cha wanaume arobaini mchana kweupe siku ya Jumapili, aliangusha ungo na kukimbia. Alijua duara limebomoka tena. Miezi mitatu iliyopita alikimbia hivyo hivyo, na aliyefukuliwa alikuwa mumewe.

Akafika mlangoni anahema. Ndani hakuna udongo wala damu. Kulikuwa na televisheni, na wanaume wameinamisha vichwa.

"Nani?" akauliza.

"Chuma, shemeji," alisema Luka, akijifuta pua kwa mkono. "Chuma ametutoka."

Katuni zile zililetwa na Imran, kijana wa duka la betri na tochi pale Kalangalala. Binamu yake alimtumia kutoka Dubai kaseti kumi na mbili za hadithi moja, na Imran akawa anaonyesha kaseti moja kila Jumapili. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo pembeni ya televisheni alisimama Ignas na fimbo yake, akitafsiri. Ignas aliwahi kukaa seminari miaka mitatu, akafukuzwa kwa kosa ambalo kila akilisimulia linabadilika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini sauti alikuwa nayo, na pale asipoelewa alijaza mwenyewe.

Hadithi ilikuwa ya binti yatima anayemtafuta mama yake kwenye nchi ya theluji. Binti alikuwa na jina la Kijapani lililomshinda Ignas ulimi, akambatiza Mwamvua. Chuma aliundwa na marehemu baba yake Mwamvua, na kazi yake ilikuwa kubeba mizigo, kunyamaza na kumlinda binti. Kwenye kaseti ya kumi na moja taa ya Mwamvua ikazimika porini, usiku, katikati ya theluji. Chuma akafungua kifua chake, akachomoa betri yake mwenyewe, akaiweka kwenye taa ya binti ili aone njia. Kisha akasimama pale pale, theluji ikamfunika.

"Imran!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Dukani kwenu betri zimejaa! Mpe mbili tu!"

Hakuna aliyecheka. Wengine walimgeukia Imran kwa macho mabaya, kana kwamba kweli anazificha.

Siku ile ile machimbo yakapata wanafalsafa. Mchimbaji mmoja wa duara la sita alithubutu kusema katuni ni mambo ya watoto, akaulizwa kama aliiona kaseti ya tano, ile ambamo Chuma anajifunza kucheka. Akasema hakuiona. Akaambiwa basi anyamaze, mtu asiyeona kaseti ya tano hana mdomo. Ignas alieleza kwamba filamu za ngumi ni takataka kwa sababu mtu anakufa leo na Jumapili ijayo yuko kwenye filamu nyingine anapiga mateke, ilhali Mjapani akiua ameua. Luka yeye alisimama, akaweka kiganja kifuani, akasema kabla ya Chuma hakujua kama ana moyo. "Nilikuwa nikisikia kitu hapa," alisema, "nadhani ni kiungulia."

Paskazia naye alikuwa na maoni yake, ila hakuna aliyeyauliza. Kwake yeye katuni zile zilikuwa wizi wa machozi. Watoto wamechorwa macho makubwa kama sahani za wali na midomo kama tundu la sindano, ili wasile, walie tu. Halafu kinanda kinaanza kupigwa kabla huzuni haijafika, hata mpumbavu ajue kwamba sasa ni zamu ya kulia. Lakini kusema ukweli, siku ya kaseti ya tatu, alipopeleka sahani, alisimama mlangoni muda mrefu kuliko sahani zilivyohitaji. Hilo hakumwambia mtu.

Kilichomchoma si machozi. Kilichomchoma ni tangazo la Luka lililofuata.

"Duara limefiwa," alitangaza Luka. "Siku tatu hakuna kushuka."

Hiyo ni desturi ya machimbo na kila mtu anaiheshimu: kukiwa na msiba hakuna anayeshuka duarani mpaka wafiwa waanue matanga, maana udongo hautaniwi. Wakawasha moto mbele ya kibanda cha video, wakakaa kuuzunguka. Jumatatu asubuhi fundi kinyozi akaja, wakanyoa vichwa kama inavyopasa. Wanaume wazima na akili zao, wengine wana wajukuu, wananyolea sufuria la Kijapani.

Mumewe Paskazia, Mageni, alipofukiwa na udongo, walimtoa akiwa bado anapumua. Alikata roho kwenye gari, wakiwa wameshaliona geti la hospitali. Siku hiyo Luka aliamua kesi yake kama hakimu: kafia njiani, hakufia duarani, kwa hiyo duara halina msiba. Walikuwa wameugusa mwamba wenye dhahabu, na mwamba haungoji. Mchana wakashuka. Maiti ikasafiri na Paskazia peke yake hadi Samuye, kijijini kwa mama yake Mageni, na nyuma yake machimbo yakatuma sukari kilo mbili na salamu.

Samuye waliuliza. Mtu anaishi na wenzake miaka sita, anakufa, haletwi na hata mmoja? Jirani mmoja akapata jibu na kulitembeza kijiji kizima: bila shaka alikuwa mwizi wa mawe ya dhahabu ya wenzake. Tangu hapo mama mkwe, Bibi Klara, aliacha kwenda kanisani. Kila Paskazia alipokwenda kumsalimia alikuta swali lile lile likimsubiri: "Wenzake wanakuja lini, mayu, mama yangu?" Paskazia hakutaka fidia wala pole tena. Alitaka wanaume wale wasimame mara moja tu juu ya kaburi la Mageni, kijiji kikiona.

Basi Jumatatu ile akaenda mpaka kwenye moto wao, akasimama mbele ya Luka na kipara chake kipya.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, shemeji."

"Luka, kwa Mageni mlikosa hata nusu siku."

Luka hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kwa upole wa mtu aliyeugundua moyo wake jana.

"Shemeji, Mageni tulimpenda," alisema. "Lakini Chuma tumemjua tangu kaseti ya kwanza."

Paskazia alirudi bandani kwake akakaa kwenye kigoda. Alisikia hasira mpaka kwenye meno. Kisha akavaa khanga nyingine na kwenda Kalangalala kwa miguu.

Imran alikuwa kaunta, akipanga tochi.

"Karibu, mama."

"Kaseti ya kumi na mbili iko wapi?"

"Shinyanga mjini, kwa mama yangu. Inakuja Jumapili."

"Usiilete huku. Ipeleke Samuye, Alhamisi, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Kuna ghala lisilo na madirisha, ukifunga mlango giza linatosha. Samuye yote hawajawahi kuona video. Na jenereta lako litabebwa na lori la hawa hawa wafiwa, bure."

Imran alikubali kabla Paskazia hajamaliza sentensi. Ni mtoto wa duka, na mambo mengine hayahitaji kurudiwa.

Jioni habari ikaenea machimbo mazima: kaseti ya mwisho, Samuye, Alhamisi, kwa Bibi Klara. Watu wakakodi lori. Wengine waliapa kwamba Chuma atafufuka, wakaanza kugombania nafasi ya mbele. Paskazia alikaa akisubiri. Alijiambia, akitokea mmoja tu, hata yule mjinga kuliko wote, akauliza, "Samuye si ndiko kwao Mageni?" basi atawasamehe wote na kuwaambia ukweli. Walimuuliza kama barabara ni nzuri. Walimuuliza kama kuna maji. Hakuna aliyeuliza hilo.

Wakaondoka alfajiri. Ulikuwa mwaka 1998, na mashimo yaliyochimbwa na mvua za El Nino yalikuwa bado yanasubiri serikali. Walipita Kahama wamekuwa weupe kwa vumbi, wakanunua maembe Kagongwa, na alasiri wakaingia Samuye, wanaume arobaini na mmoja juu ya lori, macho mekundu, vipara vinang'aa.

Bibi Klara alikuwa uani na majirani wawili, wakianua michembe, viazi vikavu. Aliliona lori, akawaona wanaume wakishuka mmoja mmoja, akaviona vichwa vyao. Ungo ukamponyoka.

"Wenzake Mageni!" alipiga kelele. "Wamekuja! Na wamenyoa!"

Akaangua kilio. Majirani wakakidaka, na kabla Imran hajashusha jenereta kijiji kilikuwa kimejaa uani. Luka akamsogelea Paskazia, akamnong'oneza.

"Shemeji, huyu mama ni nani?"

"Mama yake Mageni. Kaburi lile pale. Kaseti ni baada ya kaburi."

 Luka akawatazama wenzake, na wenzake wakatazama viatu vyao. Lakini kijiji kilikuwa kimeshawapanga mstari, na Bibi Klara alikuwa amemshika Luka mkono kama mkwe.

Kaburini, yule bibi akafuta uso kwa ncha ya khanga na kuzungumza Kisukuma. Ignas alitafsiri, maana Luka ni mtu wa Kibondo.

"Anasema wewe ndiwe mkubwa wao. Hakuna aliyewahi kumwambia mwanawe aliishije huko. Anataka umwambie."

 Paskazia alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa Luka, akaona midomo yake ikicheza. Alijua anatafuta. Anapekua miaka sita, anatafuta kitu kimoja tu cha Mageni, na hakioni. Paskazia angeweza kumsaidia. Angemnong'oneza kwamba Mageni alikuwa na domo kama redio, kwamba aliogopa radi, kwamba kila kuku wake alikuwa na jina. Hakumsaidia. Alitaka kijiji kimwone Luka akikosa la kusema.

Luka akaweka kiganja kifuani.

"Mama," alianza, "mwanao hakuwa msemaji."

Ignas akasogea pembeni ya kaburi, akasimama vile vile anavyosimama pembeni ya televisheni, akayageuza maneno kuwa Kisukuma.

"Alibeba mizigo ya wenzake bila kulalamika. Kucheka alichelewa kujifunza, lakini alipojifunza, alicheka vizuri." Sauti ya Luka ilianza kutetemeka. "Na siku ile tulipokuwa gizani, taa ya mwenzetu mmoja, mdogo, ikazimika. Mageni akatoa betri yake mwenyewe. Akampa, aone njia. Yeye akabaki pale pale."

Nyuma yake wanaume arobaini wakaanza kulia. Si kilio cha kuigiza, mtu hawezi kuigiza kamasi za namna ile. Ignas alikuwa akitafsiri huku machozi yanamtiririka, na kwa mazoea akaongeza lake: marehemu alikuwa akitabasamu.

Bibi Klara aliinua uso. Paskazia hakuwahi kuuona uso ule ukiwa hivyo, tangu aolewe. Jirani aliyetembeza habari za wizi alikuwa ameinama, anachora chini kwa kidole cha mguu. Kijiji kizima kilisikia. Ndicho Paskazia alichokitaka, chote, bila kupungua.

"Mayu," Bibi Klara alimgeukia, "mbona hukuniambia? Kweli mwanangu alikuwa hivyo?"

Miaka tisa ya ndoa. Mageni alificha betri zake ndani ya soksi, chini ya mto, ili asije mtu kumwazima. Hata mkewe alipokwenda chooni usiku, aliambiwa atumie mbalamwezi. Paskazia alimgombeza kwa hilo mpaka wiki aliyokufa, na sasa angetoa kila alichonacho asikie mtu mmoja, mmoja tu, akimlaumu Mageni kwa ubahili wake.

"Ndivyo, mama," alisema. "Ndivyo alivyokuwa."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Luka akamshika bega, akamwambia pole shemeji, sote tumempoteza.

Bibi Klara alikuwa ameshamrudia Ignas. Alimwomba aisimulie tena, ile sehemu ya betri, polepole, ili na waliochelewa wasikie.