Jini la Zebedayo

Mwaka 1997 Mwanamvita, muuza magazeti wa Tunduma, alitunga hadithi za jini mwanamke anayesimamisha malori barabarani. Alitaka ziwe kitabu cha katuni, akazigawa kwa wachoraji wawili. Sufiani alikuwa akipaka rangi mabodi ya malori. Zebedayo alikuwa mkulima wa kahawa wa Hasamba, aliyezoea kuchora picha za Krismasi kanisani kwao.

Siku ya kuleta kazi, jini la Sufiani lilikuwa na macho ya kurembua, hereni na kucha nyekundu.

"Kaka Sufiani, dereva atamkimbia huyu au atamposa?" Mwanamvita aliuliza.

"Atasimamisha lori kwanza, dada. Si ndivyo ulivyoandika?"

Jini la Zebedayo lilivaa sweta na kilemba, limekunja uso kama linasubiri maelezo. Hilo lilitisha kweli.

"Umelitoa wapi?"

"Limenijia tu kichwani."

Mkewe Ferista, aliyekuwa amemsindikiza, aliinamia karatasi. Akaitazama sweta ya jini, kisha ya kwake mwenyewe. Sufiani akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Baba Angel, kumbe ndivyo unavyoniona?"

"Ni pale tu ninapochelewa kurudi kutoka kilabuni, Mama Angel."

"Haya. Lakini mbona la mwenzako lina hereni?"

Zebedayo alishika kalamu, akachora hereni ukurasa baada ya ukurasa, Ferista akimsimamia. Mwanamvita aliyaacha majini yote mawili kitabuni, na Ferista akanunua nakala za kuwapelekea dada zake.